Risasi Tano za Bi Verlene (Sehemu ya Tisa)

Tulimwacha Bi Verlene Tackett kasimama chooni, kwenye mgahawa wa Nadine, saa tatu kasorobo ya Jumamosi asubuhi, anakikodolea macho kiboksi cha bati cha karatasi za chooni. Juu ya kiboksi hicho ndipo alipokiweka kibastola chake nusu saa nyuma, maana mtu hakai chooni na chuma mfukoni akastarehe. Kisha akanawa, akatoka, akaenda kula. Aliposhtuka na kurudi mbio, juu ya bati hapakuwa na kitu.

Na mlangoni, mtakumbuka, kuna mtu alikuwa anagonga.

"Mama? Uko humo?"

Randall! Mwanawe wa pekee. Amekuja mapema, kama wanavyokuja mapema watu wote wanaokuja kukuhamisha kwako.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, nitakuambia kwa ufupi. Saa nne Bi Verlene anatakiwa awe uwanja wa shabaha wa Mzee Odell Pickens, apige risasi tano. Zote tano zikiingia kwenye duara, anabaki nyumbani kwake, juu ya kilima cha Tolliver Gap, na kuku wake kumi na mmoja. Ikitoka nje hata moja, au likionekana kosa lolote la uzee, anahamia Nashville, chumba cha juu ya gereji ya Randall, kwa mkwe wake Kristal, mwanamke anayepima chumvi kwa kijiko cha dawa.

Waliyakubali hayo kwa kupeana mikono mbele ya mashahidi. Sasa niambie, kosa gani la uzee linazidi kuisahau bastola chooni?

"Nipo!" Bi Verlene akajibu. Akavuta maji. Akafikiri. Akavuta maji tena.

"Mama, unaumwa tumbo?"

"Ninafurahia bomba la Nadine! La kwangu halina nguvu hivi!"

Mfuko wa suruali yake ya jinzi ulikuwa umelala bapa kama chapati. Randall angeuona tu. Bi Verlene akatupa macho huku na huku, akakiona kipande kipya cha sabuni kwenye sinki. Akakitumbukiza mfukoni. Mfuko ukatuna vizuri. Akatoka kwa madaha kama bibi harusi.

Randall alikuwa anamsubiri, miaka arobaini na nane, kitambi mbele na bastola nyeusi kubwa kiunoni.

"Umekawia."

"Ukifika umri wangu utajua kwa nini."

"Bastola yako unayo?"

"Swali gani hilo? Wewe huwa unauliza watu kama wamevaa chupi?"

Randall akatabasamu kidogo. Lile tabasamu Bi Verlene hakulipenda. Lakini hakuwa na nafasi ya kulichunguza, maana kichwani alikuwa na swali moja tu: nani ameingia chooni baada yangu?

Hakujua, kwa sababu alikuwa amekula akiipa mgongo milango yote miwili, wa kuingilia na wa chooni. Tolliver Gap viti vinavyotazama mlango huisha saa moja asubuhi. Kila anayebeba silaha anataka kukaa ukutani aone nani anaingia, na wanaobeba ni karibu wote, kwa hiyo anayechelewa hutazama sufuria za Nadine.

Sasa kiti kimoja cha ukutani kilikuwa na mtu wanayemfahamu. Imogene Crabtree, shoga wa Bi Verlene tangu shule na mpinzani wake tangu wiki ya pili ya shule hiyo hiyo, alikuwa kaketi na sahani ya mikate ya mchuzi mweupe mbele yake na mkoba mkubwa wa kufumia magotini.

"Njooni hapa!" akaita. "Randall, mwanangu, umenenepa! Kaa. Verlene, mbona umepauka? Umeona mzuka?"

"Nimeona kioo," akasema Bi Verlene, akakaa.

Tansy, mhudumu, akamimina kahawa. Randall hakungoja ipoe.

"Bi Imogene, hebu nisaidie. Mwambie Mama aachane na kile kidude. Risasi tano tu! Mimi hapa nina kumi na saba."

"Kumi na saba?" Bi Verlene akasema. "Unategemea kupigana na nani, kikosi cha zimamoto? Mimi nikihitaji ya sita, ujue nilitakiwa nimeshakimbia tangu ya pili."

"Ni ya kizamani, Mama."

"Hata mimi. Ndiyo maana tunaelewana. Tazama mikono yangu." Akavinyoosha vidole vyake, vimepinda kwa baridi yabisi kama tangawizi. "Hiyo yako lazima uikoki. Unavuta chuma nyuma, unashikilia, unaachia. Mimi siku za baridi siwezi hata kufungua chupa ya siki. Yangu haina cha kukoki. Haina kitufe, haina kifungo, haina magazini ya kupotea nyuma ya kochi. Unavuta triga, inalia. Ikikataa, unavuta tena, inakuja risasi nyingine. Hata mtu aliyekurupuka usingizini anaweza kukumbuka hivyo."

"Lakini ni ndogo mno!"

"Ni ndogo ndiyo. Ina uzito wa nusu kilo ya sukari. Ninakwenda nayo kulisha kuku, ninakwenda nayo kanisani, ninakwenda nayo kuchukua barua barabarani. Nikiwa kwenye maegesho na mtu simwelewi, naingiza mkono mfukoni kama natafuta leso, nimeshaishika, na yeye hajui. Wewe ukiishika yako, mtaa mzima umejua."

Imogene akacheka hadi mkoba ukatikisika. "Mwacheni asifu kichezeo chake! Mimi yangu ina tochi mbele, ina leza chini..."

"Na redio nyuma," akasema Bi Verlene.

"Ina risasi kumi! Mwizi akiiona tu anajisalimisha mwenyewe!"

"Akiiona atakuomba umuuzie umeme."

Msidhani Bi Verlene alikuwa na raha. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa mazoea tu ya miaka thelathini na moja. Unajua uchungu wa kukisifu kitu ambacho hujui kiko mkononi mwa nani?

Randall akaegemea mbele. "Basi nionyeshe, Mama. Nikione hicho kidude. Labda nitabadili mawazo."

Bi Verlene akakunja uso kama mtu aliyetukanwa.

"Nikionyeshe hapa? Mezani, watu wanakula? Nani alikulea wewe?"

Na hapo alikuwa na haki yote. Watu wa Tolliver Gap wanabeba, lakini hawazitoi kuonyeshana. Mwenye kuitoa bastola hadharani ili isifiwe huchekwa mwaka mzima, na Nadine humfukuza na sahani yake mkononi. Randall akarudi nyuma, masikio mekundu.

Tansy akapiga kelele kutoka jikoni: "Jamani, nani kaiba sabuni chooni? Nimeiweka leo leo!"

Bi Verlene akainywa kahawa yake yote kwa funda moja, ya moto vile vile, machozi yakamlenga.

Randall akainuka kwenda kulipa. Papo hapo Imogene akamwinamia shoga yake, midomo haichezi, kama mtu anayesali.

"Verlene. Mfuko wako unanukia waridi."

Bi Verlene akaufunika mfuko kwa kiganja.

"Kipo kwenye mkoba wangu," Imogene akaendelea, "chini ya soksi ninazozifuma. Nimekikuta kimelala pale juu kama ndege aliyekufa. Mungu wangu, Verlene! Ingekuwa mtoto je?"

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekiacha."

"Najua, Imogene. Nipe."

"Nitakupa." Imogene akajifuta mchuzi mdomoni polepole. Miaka sitini alikuwa ameingoja siku hii. "Kwanza utasema. Kwa sauti. Randall akirudi. Utasema bastola yangu ni bora kuliko yako."

"Bora nihamie Nashville."

"Kristal anapika mchele usio na chumvi."

Bi Verlene akamtazama. Akawaona kuku wake mmoja mmoja akilini. Randall akarudi, anaingiza pochi mfukoni.

"Randall," Bi Verlene akaanza, na sauti ilikuwa kama inavutwa kwa koleo. "Nilikuwa nafikiri. Hizi bastola kubwa. Kama ya Imogene. Zenye tochi."

"Ndiyo?"

"Si mbaya."

Imogene akakohoa.

"Ni nzuri," Bi Verlene akasema.

Imogene akakohoa kama mgonjwa wa kifua.

"Ni bora kuliko yangu! Haya! Nimesema! Twende zetu!"

Kijiko kikamponyoka Tansy. Meza tatu ziligeuka. Randall akamshika mamake paji la uso. "Mama, una homa?"

"Ninayo! Toka nje ukawashe gari!"

Alipogeuza mgongo, Imogene akasema kwa sauti tamu, "Shoga, nishikie mkoba wangu, nifunge koti." Mkono wa Bi Verlene ukazama chini ya soksi, ukakuta mpini wa mbao alioushika miaka thelathini na moja. Kibastola kikaingia mfukoni, na sabuni ikabaki mkobani kwa Imogene kama malipo. Kilikuwa chepesi kidogo kuliko kawaida. Bi Verlene akadhani ni furaha.

* * *

Uwanja wa Mzee Odell Pickens uko kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Kuna ukuta wa udongo, kibanda cha mabati, meza ya silaha, na benchi. Benchi ndilo lenye kesi.

Odell alikuwa polisi wa kaunti hadi alipostaafu, mtu mrefu, mkavu, asiyecheka bila sababu ya maandishi. Kwake hakuna anayepiga risasi kabla hajakaa kwenye benchi na kukiri. Unataja makosa uliyoyafanya na silaha mwaka huu, mbele ya wote. Ukikiri, adhabu yako ni kuleta donati wiki ijayo. Ukificha na ikajulikana, jina lako linafutwa na hutarudi tena, hata uwe nani. Odell anasema amezika watu wawili walioona aibu kusema, na hataki wa tatu.

Asubuhi ile waliketi wanne: Buford Haskell mwenye duka la mbegu, Imogene, Randall, na mwisho Bi Verlene.

"Buford," akasema Odell.

Buford akavua kofia. "Nimeua mashine ya kufulia."

"Vipi?"

"Nilikuwa najizoeza kulenga. Nikaamini haina risasi."

"Na mke wangu akaamini ana mume," Buford akamalizia mwenyewe, maana sentensi hiyo alikuwa anaisikia nyumbani kila siku.

"Donati dazeni moja. Imogene."

Imogene akajitengeneza koti. Akakohoa, na safari hii kikohozi kilikuwa cha kweli.

"Bastola yangu," akasema akitazama viatu vyake, "imelala kwenye droo miezi saba. Sijaibeba. Nzito. Inanichubua nyonga. Nimekuwa nikitembea na mkoba mtupu na uso wa mtu mwenye bastola. Leo ndiyo siku yake ya kwanza kutoka."

Bi Verlene akageuka shingo nzima.

"Miezi saba?"

"Usianze, Verlene."

"Na umenifanya niseme nini, mbele ya Tansy?"

"Nimesema usianze!"

"Donati nusu dazeni," akasema Odell, "na kimya. Randall. Wewe ni mgeni leo, lakini umekaa kwenye benchi langu na una chuma kiunoni. Sema."

Randall akakunja mikono. "Sina."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, mzee. Mimi niko makini."

"Verlene."

Upepo ulikuwa unayapeperusha makaratasi ya shabaha kule mbele. Bi Verlene akapiga hesabu haraka. Anayejua ni Imogene peke yake, na Imogene ameshalipwa kwa aibu ya hadharani. Neno moja fupi, sina, kisha risasi tano, kisha nyumbani kwa kuku. Nani angemlaumu?

Lakini alikuwa amekaa kwenye benchi lile miaka thelathini na moja. Alikaa pale mwaka aliolipiga risasi bomba la maji la bustani akidhani ni nyoka, akasema. Alikaa pale mwaka aliofiwa na Clovis, mumewe, akasema kwamba amekuwa akilala nayo chini ya mto, jambo ambalo Odell hulichukia kuliko dhambi. Na lile neno la Imogene lilikuwa halijatoka sikioni. Ingekuwa mtoto je?

"Leo asubuhi," akasema, "nimekisahau chooni kwa Nadine. Juu ya kiboksi cha karatasi. Nusu saa nzima. Imogene ndiye aliyekiokota, na kama si yeye, hata sijui ningekuwa naongea nini hapa."

Buford akaacha kutafuna.

"Na sabuni nimeiba mimi," akaongeza. Mtu akianza kukiri, kusimama ni kazi.

Odell akaandika. "Donati dazeni nne. Na kuanzia leo, ukiingia chooni, kinakaa kwenye suruali, kati ya miguu yako, unakiona. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi hatusemi tena."

"Tunasema!" Randall alikuwa amesimama. "Donati? Mama, tulipeana mikono! Kosa lolote la uzee! Kesho naleta lori la kuhamisha."

"Kaa, Randall."

"Sikai, mzee. Mnamlea! Siku moja atajiumiza!" Sauti ikamvunjika kidogo mwishoni, na Bi Verlene akaisikia, maana ndiyo sauti aliyokuwa nayo siku walipomzika baba yake. Mtu mzima mwenye kitambi, na woga wa mtoto mdogo. Lakini nyumba ni nyumba.

"Kabla ya malori," akasema Odell, "silaha zote mezani, wazi. Ndiyo sheria. Verlene, fungua."

Bi Verlene akatoa kibastola, akakielekeza kwenye ukuta wa udongo, akabonyeza. Silinda ikaangukia kushoto, lile gurudumu dogo la matundu matano.

Matundu yote matano yalikuwa yanapitisha mwanga.

"Zimekwenda wapi?" Bi Verlene akanong'ona. "Mimi natembea na tano. Siku zote tano. Imogene?"

"Sijakigusa tumboni! Nimekibeba kama yai!"

Ndipo Randall akaingiza mkono mfukoni, akaufungua kiganja. Risasi tano zilikuwa pale, zinang'aa kama meno ya bandia.

"Mimi," akasema. "Niliingia kwa mlango wa nyuma, nikapitia chooni kwanza. Nikakikuta. Nikazitoa risasi, nikakirudisha pale pale. Nilitaka nione kama Mama atarudi kukichukua, na kama ataniambia. Nimemuuliza mara mbili, akanidanganya mara mbili. Sasa mmeona wote nilichokuwa nasema?"

Alikuwa anatazamia watu wamtikisie vichwa kumkubalia. Vichwa havikutikisika. Odell alikuwa ameinuka, na Odell akiinuka kwa taratibu ile huwa kuna mtu anatamani kuwa kwingine.

"Ngoja nielewe. Umeikuta bastola kwenye choo cha watu wote."

"Haikuwa na risasi, mzee! Nilizitoa!"

"Na mtoto wa Tansy angeiokota, angejuaje? Mwizi angeiokota, duka la risasi si liko hapo ng'ambo ya barabara? Mama yako amesahau. Wewe umeiona, umeishika, ukajua ni nini, ukaiacha."

Randall akazifumbata zile risasi.

"Kisha," akasema Odell, "umekaa kwenye benchi langu ukasema, sina."

Ah! Ungemwona Randall! Uso uligeuka mwekundu, ukapita mwekundu, ukarudi kuwa mweupe. Uwanja ule ndipo baba yake alipomfundisha kushika bunduki akiwa na miaka kumi. Jina la Clovis liko kwenye kibao cha kibandani, na la Randall liko chini yake.

"Nakufuta, Randall."

"Odell," akasema Bi Verlene.

"Sheria ni sheria."

"Najua. Nakuuliza tu, mwanangu akifutwa leo na mimi nikahamishwa kesho, hapa atabaki nani wa kukusikiliza?"

Odell akakuna kidevu. Akamtazama mama, akamtazama mwana, wanavyofanana kwa ubishi.

"Chagueni. Ama makosa yote mawili yahesabiwe, huyu afutwe na huyu ahame. Ama makosa yote mawili yafutane, mbaki na risasi tano, kama mlivyopeana mikono."

Randall akaziangalia zile risasi kiganjani. Kisha akamnyooshea mamake.

"Piga, Mama."

* * *

Odell hupigisha wawili wawili, ili amalize kabla ya chakula cha mchana. Akampanga Bi Verlene kushoto na Imogene kulia, makaratasi mawili yakining'inia bega kwa bega hatua saba mbele, kila moja na duara la ukubwa wa sahani. Imogene apige kumi, Verlene tano. Odell mwenyewe alimkokia Imogene ile bastola yake ya tochi, maana Imogene alijaribu mara tatu akaishia kuinua goti.

"Usicheke, Verlene."

"Mimi? Ninasali."

Bi Verlene akavaa viziba masikio. Akazitia risasi moja moja, tano, akafunga silinda kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala. Mikono ilikuwa inamuuma. Vidole vilikuwa na baridi. Akakumbatisha mkono kwa mkono.

"Pigeni!"

Triga ya kibastola kile ni ndefu na nzito, haitaki papara. Unaivuta kama unavyovuta ndoo kisimani. Akavuta. Paa! Kulia kwake Imogene akaanza kumwaga zake kama mahindi kwenye kikaango, pa-pa-pa, maganda yanaruka, moja likamwangukia Buford kolani akaanza kucheza. Bi Verlene hakugeuka. Ya pili. Ya tatu. Akashusha pumzi, akapumzisha mkono. Ya nne.

Ya tano alipoivuta, kidole cha kati kilimchoma kwa maumivu, na hakujua imekwenda wapi.

Moshi ukatawanyika. "Wekeni chini! Ondokeni mezani!"

"Nani anahesabu?" akauliza Bi Verlene.

"Yeye," akasema Odell, akimwelekeza Randall kwa kidevu. "Alitaka kupeleleza. Apeleleze."

"Sikiliza, Randall," Bi Verlene akamwambia. "Ukinihurumia nitajua. Ukinionea, nitajua pia."

Randall akatembea zile hatua saba kama mtu anayekwenda mahakamani. Akainama. Pua ikakaribia karatasi ya mamake. Kidole kikaanza kugusa tundu moja moja, midomo ikicheza.

Akasimama. Akaanza tena mwanzo.

"Ngapi ndani?" Odell akaita.

"Tano."

Bi Verlene akarusha mikono juu. Buford akampigia makofi. Kuku kumi na mmoja, kama wangejua, wangetaga papo hapo.

"Na moja nje," akasema Randall.

Makofi yakakatika.

"Hesabu vizuri, mwanangu."

"Nimehesabu mara mbili, Mama. Tano ndani. Moja nje, upana wa kidole. Ni sita."

"Kibastola changu kinabeba tano!"

"Najua kinabeba tano!"

Odell alikuwa ameshafika kule mbele kwa hatua nne. Akavaa miwani, akatazama karatasi ya kushoto, akatazama ya kulia. Akahesabu ya kulia. Yalikuwa matundu tisa, na Imogene alikuwa amepiga kumi. Yote yalilingana ukubwa, kama maharage ya ganda moja. Hakuna jicho la binadamu lingeyatenganisha.

Hapo kila mtu akaelewa kwa pamoja. Risasi moja ya Imogene ilikuwa imehamia kwa jirani. Ikiwa ndiyo ile ya nje, Bi Verlene yuko kwake mpaka Mungu atakapomwita. Ikiwa ni mojawapo ya zile za ndani, basi kesho ni lori.

Wakageuka wote wanne. Imogene alikuwa amejiinamia, anahangaika sana na kishikizo cha mkoba wake.

"Imogene," akasema Odell, kwa upole wa kutisha. "Hebu fikiri vizuri. Hiyo iliyokuponyoka, ulikuwa umelenga wapi?"

"Nisiulizwe mimi."

"Shoga yangu," akasema Bi Verlene, na safari hii hakukuwa na mzaha wowote, "nyumba yangu iko mdomoni mwako. Ulikuwa unatazama wapi?"

Imogene akainua uso. Machozi yalikuwa yamejaa.

"Verlene, nisamehe," akasema. "Mimi tangu ile ya kwanza nilikuwa nimefumba macho."